Mshindo, ushungi na miwani: kisa cha kuchagua vikinga masikio vya kielektroniki

Jumamosi moja ya Januari, nje baridi ya Minnesota ikiwa imeshuka mpaka nyuzi 20 chini ya sifuri, ndani ya uwanja wa shabaha mtoto wa dada yangu aliinua kikombe cha kushoto cha kikinga masikio chake kwa vidole viwili ili asikie ninachomwambia. Hakukiinua muda mrefu, labda sekunde tatu. Kwenye njia ya kupigia iliyo jirani na yake alikuwepo bwana mmoja na bunduki ndefu ya mfumo wa AR-15, na mdomoni pake pamefungwa kile chuma chenye matundu kinachotupa mshindo ubavuni. Akafyatua.

Nilimwona mwanangu akipepesa macho. Akaiweka bastola mezani kama nilivyomfundisha, mdomo ukitazama shabaha, kisha akanigeukia. "Mamdogo, sikio limeziba."

Nimeandika kisa hiki kirefu kwa sababu wanawake kama yeye wanaongezeka kwenye viwanja vya shabaha, na maelezo yanayoandikwa kwenye maboksi ya vikinga masikio hayakuwafikiria. Mimi ni mkufunzi na msimamizi wa usalama kwenye uwanja wa ndani. Yeye ana miaka 24, amekulia Tanga na huku, anavaa ushungi, anavaa miwani, na kampuni ya ulinzi inayomwajiri inataka apasi mtihani wa bastola ya milimita 9. Ushungi na miwani viliingia kwenye kosa la siku ile.

Usiku ule sikio lake la kushoto lilipiga filimbi. Aliniambia ni kama ile sauti ya televisheni za zamani, zile za mgongo, ambayo watoto huisikia na watu wazima hawaisikii. Ilikoma kesho yake alasiri. Watu wengi hapa hushusha pumzi wakasema amepona. Mimi sikusema hivyo. Mlio wa namna hiyo ni dalili kwamba vinyweleo vya ndani ya komboli, ile sehemu ya sikio iliyojipinda kama konokono, vimepigwa dhoruba. Vingine husimama tena, vilivyokufa havioti upya. Nilimpeleka kwa mtaalamu wa usikivu siku kumi baadaye. Kipimo kilionyesha anasikia ndani ya kiwango cha kawaida, ila sikio la kushoto lina kidimbwi kidogo, yaani usikivu umeshuka kidogo, kwenye sauti nyembamba ya hezi 4,000, ambacho la kulia halina. Hiyo hezi 4,000 ndipo kelele za bunduki na za viwandani huanza kula. Hatukuwa na kipimo cha kabla, kwa hiyo hakuna awezaye kuapa kwamba kidimbwi kile ni cha Jumamosi ile. Sasa angalau kipimo cha kwanza tunacho. (Na kama filimbi ingeendelea, au sikio lingepoteza usikivu ghafla, tusingengoja siku kumi: hiyo ni safari ya hospitali siku hiyohiyo au kesho yake, maana dawa zake hufaa zikiwahi.)

Turudi kwenye kile kikombe. Swali la kwanza nililojiuliza lilikuwa: kwa nini alikiinua? Alikuwa amevaa vikinga vya kielektroniki, na kazi ya vitu hivyo ni kumwezesha mtu asikie maneno bila kuinua chochote. Ndiyo sababu alivinunua. Alivikuta mtandaoni kwa bei ya chakula cha watu wawili, boksi limeandikwa maneno makubwa kuhusu teknolojia, na limeahidi kwamba saketi "inafunga" kwa sehemu mbili za mia za sekunde mara bunduki inapolia.

Hiyo ahadi ndiyo inayowapoteza watu. Wanaamini kikinga cha kielektroniki ni mlango ulio wazi ambao mashine huuwahi kuufunga risasi ikitoka. Kingekuwa hivyo kweli, kila mpiga shabaha angekuwa kiziwi, kwa sababu mshindo wa bastola hufika kileleni kabla hata ya sehemu moja au mbili za elfu za sekunde kwisha. Sehemu mbili za mia za sekunde ni kuchelewa mno. Ukweli ni kwamba mlango umefungwa wakati wote. Kinachozuia mshindo ni kikombe cha plastiki, sponji iliyo ndani yake, na ile pedi laini inayokumbatia sikio kuzunguka pande zote. Kazi ya elektroniki ni moja tu: maikrofoni za nje huchukua sauti ndogo, kama maneno ya mkufunzi au hatua za mtu nyuma yako, zikaikuza na kuipitisha kwenye spika ndogo ndani ya kikombe. Mshindo ukija, spika hunyamaza au hushusha sauti. Spika nyingi za aina hii hukomea karibu desibeli 82 (desibeli ndiyo kipimo cha ukubwa wa sauti) hata ufanyeje. Yaani elektroniki ni kwa ajili ya kusikia. Kinga ni pedi, na pedi lazima iguse ngozi.

Pedi ya mwanangu haikuwa inagusa ngozi.

Jumapili jioni nilimkalisha jikoni kwangu, wanawake peke yetu nyumbani, nikawasha feni ya juu ya jiko na mashine ya kufyonza vumbi kwa pamoja. Kipimo hiki hakina gharama na nakiamini kuliko boksi lolote. Unavaa vikinga vyako kama unavyovaa uwanjani, umezima elektroniki, halafu unavikandamiza vikombe kichwani kwa viganja vyote viwili. Kelele ikipungua waziwazi unapokandamiza, maana yake vikombe vinavuja vikiwa vimeachwa vyenyewe. Alipokandamiza alitoa macho. "Mamdogo, kumbe!" Tofauti ilikuwa kama ya kufunga dirisha.

Nikamwambia avue kimoja kimoja. Ushungi wake ulikuwa wa shifoni, umezungushwa mara mbili, chini yake kofia ya ndani yenye mshono mnene unaopita hasa nyuma ya sikio, na pini moja ya kichwa cha lulu imechomwa chini ya taya. Kikombe cha kulia kilikuwa kimekalia ile pini. Tulipoondoa shifoni na pini, kelele ilishuka sana. Tulipoondoa kofia ikashuka tena. Alipovua miwani, ambayo mikono yake ni mipana ya plastiki, ikashuka mara ya tatu, na hapo kukandamiza hakukubadili kitu. Kila mkunjo wa kitambaa ulikuwa mfereji wa kupitisha sauti chini ya pedi, na kila mkono wa miwani daraja. Mtu mwenye misuko minene au kofia ya sufu ana tatizo hilohilo, ila yeye huambiwa na wenzake. Binti mwenye ushungi kwenye ukumbi wa wanaume hakuna anayethubutu kumgusia habari ya kichwa chake, na mimi niliyepaswa kumwambia nilitazama anavyoshika bastola nikaacha kutazama anavyosikia. Hilo nalibeba.

Kwa hiyo kinga yake ilikuwa inavuja, na bado hasikii. Hili la pili lina chanzo kingine. Vikinga vya bei ya chini mara nyingi hukata sauti yote kila panapolia mshindo, kisha huirudisha baada ya nusu sekunde hivi. Uwanjani nje, watu wawili wakipiga kwa zamu, hutalijali. Ukumbini, njia kumi zote zina watu, kuta zinarudisha mwangwi, spika inakatwa mfululizo na maneno yanafika vipande vipande: "…sha… chini… ya…" Vizuri zaidi ni ile saketi inayobana sauti badala ya kuikata: mshindo unashushwa, maneno yanaendelea kupita. Tofauti hii huioni kwenye boksi, unaisikia ukivaa. Tena vya kwake vilikuwa na maikrofoni moja inayolisha masikio yote mawili, hivyo hakuweza kujua ninaongea kutoka upande gani. Kwenye uwanja wa shabaha, mtu asiyejua sauti inatoka wapi hugeuka kutafuta, na bastola mkononi hugeuka naye. Huo ni msiba mwingine kabisa.

Jambo la tatu nililigundua nilipolipindua boksi. Sheria ya EPA, shirika la mazingira la serikali ya Marekani, inataka kila kikinga masikio kinachouzwa Marekani kiwe na lebo ya NRR, namba ya desibeli kinazopunguza kwa vipimo vya maabara. Lile boksi halikuwa nayo. Kama huioni, usinunue. Sina la kuongeza hapo.

Hiyo namba yenyewe nayo isomwe kwa akili. Bastola ya milimita 9 hulia kilele cha karibu desibeli 160 pale alipo mpigaji, na bunduki ndefu ya milimita 5.56 huzidi hapo. Kiwango ambacho OSHA na NIOSH, mamlaka na taasisi ya utafiti za Marekani za usalama kazini, wanasema mshindo usizidi sikioni ni kilele cha 140. Desibeli 20 zinasikika kama kitu kidogo ukizisema haraka, lakini shinikizo la hewa kwenye 160 ni mara kumi ya lile la 140. Sasa chukua kikinga chenye NRR 22. Namba ile imepatikana maabara, kimevalishwa kwa uangalifu, kwa kelele inayoendelea na si ya bunduki. Mwaka 1998 NIOSH walishauri uikate robo kwa vikinga vya vikombe, na nusu kwa vizibo vya sponji vinavyoingia ndani ya sikio, kwa sababu watu halisi hawavai kama maabara. Robo ikitoka kwenye 22 unabaki na 16 na nusu. Toa hiyo kwenye 160: bado uko juu ya 140. Hesabu hii ni ya makadirio, mshindo hautii fomula ya kelele ya kiwandani, lakini inatosha kuonyesha kwa nini NIOSH wanapendekeza kuvaa kinga mbili kwa pamoja uwanjani, vizibo ndani na vikombe juu. Na hii ni kabla ya kuingiza shifoni na pini ya lulu.

Kinga mbili hazijumlishwi, hapa wengi hukosea. Kizibo cha NRR 32 na vikombe vya NRR 24 havikupi 56. Kanuni ya OSHA ni kuongeza desibeli 5 tu juu ya kile chenye namba kubwa. Baada ya hapo sauti hupita kwenye mifupa ya fuvu lenyewe, na hakuna kifaa cha kichwani kitakachoizuia yote.

Tulikuwa na njia nne mbele yetu.

Ya kwanza, kubadilisha pedi tu, kuweka za jeli ambazo hujaza nafasi ya mkono wa miwani vizuri kuliko sponji. Nzuri kwa miwani, haitoshi kwa ushungi.

Ya pili, kuvaa vikombe kwenye ngozi kisha ushungi juu yake. Tulijaribu kwa dakika tano. Kitambaa kilikuwa kinasugua maikrofoni na elektroniki ikakikuza, akasema anasikia kama mtu anapepeta mchele ndani ya kichwa chake. Tukaiacha.

Ya tatu ilinishawishi mimi zaidi kuliko yeye: vizibo vya kielektroniki vinavyoingia ndani ya sikio, kama vya TEP vya 3M Peltor. Vinakaa chini ya ushungi, miwani haiviathiri, pini haviijui. Lakini bei yake ni mara kadhaa ya vikombe vizuri, matundu ya masikio yake ni madogo kiasi kwamba ncha ndogo kabisa nilizokuwa nazo zilitoka alipofungua taya, na kikilegea chini ya kitambaa katikati ya mtihani hawezi kukirudisha bila kuvua. Kwa mtu mwingine ningesema anza na hivi.

Tukachukua ya nne: vizibo vya kawaida vya sponji ndani kabisa, na juu yake vikombe vya kielektroniki vizuri, sauti imepandishwa. Watu hudhani hii haina maana, kwamba ukiziba sikio hutasikia spika. Piga hesabu. Spika inaweza kufika 82. Kizibo kilichokaa vizuri kikipunguza 20 na kitu, kinachobaki ni karibu 60, na 60 ndiyo sauti ya watu wawili wanaozungumza mezani. Maneno yanapita, mshindo unagonga kuta mbili. Ukipandisha sauti bila kizibo unajichosha kwa mwangwi wa ukumbi, ukiwa na kizibo unapata mazungumzo ya kawaida.

Vikombe vyenyewe tulivijaribu vya aina tatu, vyote uwanjani siku ya watu wengi, yeye akiwa nyuma ya kioo kwanza kisha ndani. Impact Sport ya Howard Leight, NRR 22, nyepesi, nyembamba, hujizima yenyewe baada ya saa nne. Razor Slim ya Walker's, NRR 23, nyembamba vilevile. Sport Tactical 500 ya Peltor, NRR 26, nene zaidi. Wembamba wa kikombe una thamani kwa anayelaza shavu kwenye kitako cha bunduki ndefu, maana kikombe kinene kitasukumwa na kitako na pedi itafunguka. Yeye anapiga bastola, mikono imenyooka, hakuna kinachogusa shavu. Kwa hiyo unene haukumdhuru, na mdomo mpana wa Peltor ulizunguka sikio lake lote bila kulikalia. Alichukua hiyo. Kwa bunduki ndefu ningemwambia vingine.

Ilibaki nguo, na hapa ndipo alipotatua mwenyewe. Baadhi ya wauguzi wa Kiislamu hapa Minnesota huvaa hijabu za kitambaa cha jezi zenye mipasuko masikioni, ili vipimio vya moyo vipite. Alinunua moja. Mpasuko ulikuwa mdogo kwa kikombe, pedi bado ikapanda kitambaa. Basi akaweka kikombe juu ya kipande cha boksi la unga, akazungusha penseli, akapeleka kwa mama mmoja fundi cherehani anayeshona nyumbani kwake. Fundi akatanua tundu kwa kipimo kile na kulipiga pindo bapa, lisilo na mshono uliosimama. Nywele zimefunikwa, shingo imefunikwa, na sikio lililo kwenye tundu limefunikwa na kikombe. Alilifikiria kwa siku mbili akaridhika nalo, na hilo lilikuwa lake kuamua, si langu. Miwani alibadilisha fremu, mikono myembamba ya chuma. Pini zote zinabaki garini.

Kizibo cha sponji kilitupa kazi kuliko tulivyotegemea. Alikuwa akivivaa akiwa amekwisha kujifunga ushungi, anapenyeza kidole chini ya kitambaa na kusukuma. Kizibo kinabaki nje nusu, kama kizibo cha chupa kilichoshindikana. Kinatakiwa kisokotwe kwa vidole mpaka kiwe chembamba kama njiti, bila mkunjo, kisha mkono wa upande wa pili upite juu ya kichwa, uvute sikio kwenda juu na nyuma, tundu linyooke, ndipo kiingizwe na kushikiliwa kwa nusu dakika mpaka kivimbe. Ukijitazama kwenye kioo kwa mbele usione kizibo kikichomoza. Tulichukua saizi ndogo, na tukabadili mpangilio: vizibo kwanza, hijabu baadaye, vyote chooni kabla ya kuingia ukumbini.

Umuhimu wa kukaa vizuri si maneno ya mkufunzi mkali. Mwaka 2023 kampuni ya 3M ilikubali kulipa dola bilioni 6.01 kumaliza kesi za wanajeshi wa Marekani kuhusu vizibo vya Combat Arms, bila kukiri kosa. Kiini cha madai yao kilikuwa kwamba kizibo kile kilikuwa kifupi mno kuingia sawasawa, kikalegea bila mvaaji kujua. Mamia ya maelfu ya watu, kwa milimita chache.

Upande wangu nilibadilisha mambo mawili. Wanafunzi wangu wapya sasa hawapewi njia iliyo jirani na bunduki ndefu, nangoja au nahamisha. Na tumekubaliana naye kwamba asiponisikia, haulizi wala hainui kitu: anaweka bastola chini, anarudi hatua mbili nyuma ya mstari, tunatoka hadi nyuma ya mlango wa pili ndipo tuongee.

Jumamosi moja ya Machi tulirudi. Ukumbi ulijaa. Alipiga magazini mbili, na katikati ya ya tatu, jirani zake wote wakifyatua, nilisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kwa Kiswahili, nikiwa bega lake la kulia: "Bega la kushoto lishushe." Akalishusha. Hakugeuka.

Yaliyobaki ni ya matunzo. Betri zake ni za lithiamu, kwa sababu za alkalini hulegea kwenye baridi ya huku na pedi nazo huwa ngumu kama ganda zikilala garini, kwa hiyo kikinga kinalala ndani ya nyumba. Kwa kalamu ya wino mzito ameandika ndani ya kikombe mwezi alionunua pedi, na mwezi wa kuzibadilisha, miezi sita mbele, kabla hazijapasuka. Kipimo chake cha pili cha usikivu ni Januari ijayo, kwa mtaalamu yuleyule, tulinganishe ile hezi 4,000 ya kushoto.